Kutoka Tende za Kiriba hadi Gilasi ya Kijani: Historia Iliyomo Jikoni Mwetu



Msimu wa harusi ukikaribia, swali ni lile lile: nisage nini ili ngozi ing'ae na mwili upungue? Leo hatuanzi na kipimo cha mchicha. Ndugu yetu mmoja alianguka akipakwa hina, siku mbili kabla ya nikaha. Wiki nzima alikuwa akinywa maji ya majani tu. Mkate hagusi, samaki hagusi. Alhamdulillah alipata nafuu na harusi ikafanyika, lakini sisi tulibaki tukijiuliza: kinywaji hiki kimetufikiaje, na wakubwa wetu walikunywa nini?

Katika nyumba ya Mtume (S.A.W.)

Kunywa matunda si jambo la jana. Katika Sahih Muslim, Bi Aisha (R.A.) amepokea kwamba walikuwa wakimtengenezea Mtume (S.A.W.) nabidhi ndani ya kiriba. Wakiroweka asubuhi, anakunywa jioni. Wakiroweka usiku, anakunywa asubuhi. Nabidhi ile ilikuwa maji yaliyorowekwa tende au zabibu kavu, tena haikuachwa ikachacha hadi kulevya. Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alikula tango pamoja na tende mbivu. Kitu kitamu na kitu cha kijani chenye maji mengi, vyote katika mlo mmoja.

Hata neno letu sharubati limetoka katika Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya kunywa. Mchicha wa kizungu, tunaouita spinachi, asili yake ni Uajemi. Waislamu waliupeleka hadi Andalusia, na katika karne ya 12 Ibn al-Awwam wa Sevilla aliupa cheo cha mkuu wa mboga za majani.

Matunda yaliyovuka bahari

Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita pwani yetu. Mogadishu alikaribishwa kwa wali na vitoweo, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Mombasa aliona ndizi, malimau, na tunda lenye kokwa kama zaituni lakini tamu sana, aliloliita jammun. Kwa maelezo hayo, sisi tunaliona zambarau waziwazi.

Angalieni kisichokuwemo: hakuna nanasi, papai, pera, parachichi wala pesheni. Hayo yote asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati. Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498, ndio waliofungua njia ya mazao mengi ya huko, na neno pera lenyewe tumelipata kwao. Muhogo nao ulitoka huko huko, na kwa hiyo hata kisamvu chetu ni mgeni aliyegeuka mwenyeji.

Kinu, kisha blenda

Bibi zetu hawakuwa na mashine. Ukwaju ulirowekwa ukafikichwa kwa mkono, embe likapondwa, tangawizi ikatwangwa kwenye kinu, kisha vyote vikapitishwa kwenye chujio.

Blenda ilizaliwa Marekani. Mwaka 1922 Stephen Poplawski, wa jimbo la Wisconsin, alibuni chombo chenye kisu cha kuzunguka chini ya kikombe. Mwaka 1937 kiongozi wa bendi, Fred Waring, akaanza kuuza mashine iliyobeba jina lake. Kusaga majani mabichi pamoja na matunda kulivuma baadaye sana. Aliyekutangaza zaidi ni Victoria Boutenko, mama wa asili ya Urusi anayeishi Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2005, Green for Life.

Na sisi wa Unguja tunakumbuka: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Blenda zikawa mapambo ya kabati, na kinu kikarudi kazini.

Bi harusi wa jana na wa leo

Hapa ndipo penye jambo zito. Bi harusi wa zamani aliwekwa ndani, akasingwa, akalishwa vizuri ili atoke amenawiri. Somo yake angemgombeza kama angeacha chakula. Leo tunamtaka atoke amekonda, na gilasi ya kijani imegeuzwa saumu isiyo na daku wala futari. Lakini historia yote tuliyoisimulia haina hata mahali pamoja ambapo kinywaji cha matunda kilichukua nafasi ya chakula. Daima kilikaa kando ya sahani.

La pili ni majani yenyewe. Bibi zetu walikitwanga kisamvu na kukichemsha muda mrefu, na si kwa ladha tu. Kikiwa kibichi kina sumu ya sianidi. Kwa hiyo, mwanangu, kisamvu kibichi hakiingii kwenye blenda kamwe. Mwenye historia ya mawe ya figo apunguze spinachi na mchicha, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aongee na daktari kwanza, kwani majani haya yana vitamini K nyingi.

Gilasi yetu ya watu wawili

Chukua konzi moja ya mchicha mchanga, uoshe vizuri kwa maji safi, uuchovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja kisha uupoze. Weka kwenye blenda pamoja na ndizi moja mbivu, vipande vichache vya nanasi, tende mbili zilizotolewa kokwa, kipande kidogo cha tangawizi, maji ya nusu limau na gilasi moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Saga mpaka ilainike. Limau na nanasi zina vitamini C inayousaidia mwili kupokea madini ya chuma ya mchicha; chai isubiri kidogo, maana hupunguza faida hiyo.

Kunywa siku hiyo hiyo, kama walivyofanya wale waliotutangulia, kisha kula chakula chako. Bismillah mwanzo, alhamdulillah mwisho. Allah awajaalie maharusi wetu afya, mapenzi na nyumba zenye baraka. Amin.