Jina la Mwisho Si Lazima Liwe la Ukoo: Namna ya Kufuata Majina ya Wazee Wetu

Mlolongo, hapa kando ya barabara kuu ya Mombasa, wengi husema ulipata jina lake kwa foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa kwenye mizani. Ami yangu alikuwa mmoja wa madereva hao. Alitoka Lamu akiwa kijana, akanunua ploti hapa, na hapa ndipo alipozikwa. Aliacha binti mmoja. Baba yangu alikuwa ameshatangulia, lakini dada yao, shangazi yangu, yuko hai Lamu. Kwa mirathi yetu, binti mmoja hupata nusu, na dada wa baba mmoja mama mmoja huchukua kilichobaki. Mimi mtoto wa ndugu sina fungu. Kazi yangu ilikuwa kupeleka karatasi tu.

Tatizo likawa majina. Kitambulisho cha ami kiliandikwa Salim Sheikh Bakari. Cha shangazi, Fatuma Shee Omari. (Majina nimeyabadilisha, ila tofauti ni ileile.) Afisa mmoja akaniuliza watakuwaje ndugu ilhali hawana hata jina moja la pamoja. Nilipompigia shangazi simu kumweleza, alinyamaza, kisha akasema: "Kwani mimi si nduguye?"

Najua si sisi peke yetu, kwa hivyo nayaandika hapa niliyojifunza.

Jina la tatu ni la babu. Desturi yetu ni jina lako, la baba, kisha la babu. Quran nayo, katika Suratul Ahzab aya ya 5, inaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Kwa hivyo jina la mwisho hubadilika kila kizazi. Shee bin Omari bin Bakari akizaa, mtoto huwa Fatuma Shee Omari, na mjukuu huwa Mwanaidi Salim Shee. Bakari, Omari, Shee: "koo" tatu katika nyumba moja. Usitafute jina la mwisho linalofanana. Tafuta majina yanayolaliana kama makuti ya paa: majina mawili ya mwisho ya mtoto yawe ndiyo mawili ya mwanzo ya baba.

Jina moja huandikwa kwa namna nyingi. Shee na Sheikh, Omari na Umar, Bakari na Abubakar, Athmani na Uthman, Hamisi na Khamis. Karani aliandika alivyosikia. Andika orodha ya namna zote kabla ya kufungua daftari lolote, usije ukampita babu yako ukimwangalia.

Jina la babu hurudi. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi 1947, alimwita mwanawe Ali, jina la baba yake mwenyewe. Mwana huyo ndiye Profesa Ali Al'amin Mazrui (1933–2014). Ukikutana na Ali katika karatasi za nyumba kama hiyo, angalia mwaka kwanza, ndipo useme ni Ali yupi.

Ukoo huvaliwa na wengine na kuachwa na wengine. Ndugu mmoja hujiandika Mazrui, Nabhany au Basheikh, mwengine akabaki na majina matatu. Ami yetu alipoulizwa jina la ukoo huko bara, alitaja Bakari, kwa kuwa mtaani kwetu nyumba yetu ilijulikana kama kwa Bakari. Akamruka Omari, babu yake. Hapo ndipo uzi ulipokatika.

Wanawake hupotea zaidi. Katika hati za zamani mama ni "binti fulani". Baadaye kitambulisho chake huenda kikabeba jina la mume, na nyumbani anaitwa Mama fulani. Muulize bibi jina la babake kabla ya kuuliza lolote.

Wapi pa kutafuta. Anza na wazee, tena uwarekodi. Kisha hati za ndoa na talaka za mahakama ya kadhi. Kwa ardhi, Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wadai ardhi yao ili iandikishwe, na wazee wengi wamo humo kwa "bin" na "binti". Tulio huku bara tuna Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Aliyebadilisha jina rasmi kwa hati ya kisheria, tangazo lake hutafutwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Sisi tuliokolewa na hati ya ndoa ya babu. Ndani yake karani aliandika mlolongo mzima: Shee bin Omari bin Bakari. Kwa mstari huo mmoja, Bakari wa ami na Omari wa shangazi wakawa baba na mwana. Tukaongeza viapo vya wazee wawili waliowajua wakiwa watoto, na katika maombi kila jina likafuatiwa na "ambaye pia alijulikana kama". Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa mahakama ya kadhi mamlaka ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Binti wa ami alikubali bila kusita. Kadhi aliusoma ule mstari mara mbili, na shangazi akapata haki yake.

Nasaha yangu ni moja. Leo jioni chukua daftari, uandike jina lako na "bin" au "binti" mpaka pale mzee wako anapoishia kukumbuka. Weka na tarehe, na mahali alipozikwa kila mmoja. Shangazi yangu alikuwa na bahati kuwa wazee wawili walikuwa bado hai. Mmoja wao tumemzika mwezi uliopita.