Sadaka Iliyorudishwa Soweto

Jumapili ya Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, upande wa Embakasi, Nairobi. Alitoa Sh600,000 kwa kwaya na watoto wa Utoto Mtakatifu, Sh2 milioni za kujengea nyumba ya mapadri, na akaahidi Sh3 milioni nyingine. Gavana Johnson Sakaja naye aliongeza Sh200,000. Kesho yake Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatoa taarifa: pesa zirudishwe kwa waliozitoa, na zilizoahidiwa zisipokewe. Kanisa, alisema, lisitumiwe kisiasa.

Wakenya wamezoea kumwona mheshimiwa akitoa kanisani. Kumwona akirudishiwa ni jambo jingine. Wengi walilichukulia kuwa ugomvi wa juma hilo tu, maana siku chache kabla maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikosoa serikali vikali. Lakini kwa anayeijua historia ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, jambo hilo lilikuwa zito kuliko hivyo. Katika mitaa hii serikali na dini zimetiliana mikono mfukoni kwa karibu karne nzima.

Mambo yalianzia Pumwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakoloni waliitenga Pumwani iwe makao ya Waafrika mjini, wakitaka kuwaondoa watu katika vijiji walivyokuwa wamejijengea wenyewe, kama vile Pangani. Pangani yenyewe ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Sehemu kubwa ya wenyeji hao wa kwanza walikuwa Waislamu, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wenye nyumba za kupangisha. Mwanahistoria Luise White aliandika habari zao katika kitabu alichokitoa mwaka 1990. Mwanamke aliyetoka kwao akiwa mikono mitupu, akajenga nyumba mjini na kusilimu, alipata jamaa wapya, na alipata njia ya kuirithisha nyumba yake bila kusubiri ukoo wa bara uje kuidai. Kwa hiyo, Nairobi, sheria ya Kiislamu iligusa mambo ya nyumba na urithi miongo mingi kabla ya kugeuka mzozo wa Katiba.

Wamishonari nao hawakuwa mbali, na Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau ikawasogeza karibu zaidi na ofisi za serikali. Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru wakatiwa vizuizini, na mitaa kama Bahati ikabaki na familia zisizo na baba. Watoto walikuwa barabarani. Serikali haikuwa na mpango wa maana juu yao, makanisa yalikuwa nao. Kituo cha St John's, Pumwani, kilianzishwa mwaka 1957 chini ya Kanisa la Kianglikana, na hadi leo jina lake halijasahaulika Majengo. Nisieleweke vibaya: kazi ile iliokoa vijana wengi. Ila iliwafundisha watawala jambo ambalo hawajalisahau, kwamba mahali serikali inaposhindwa, kanisa litaziba pengo, na atakayeshukuriwa ni serikali.

Hata majina ya mitaa yanasimulia ukaribu huo. Ukifuata Jogoo Road utazifikia Jericho na Jerusalem, nyumba zilizokuwa za baraza la jiji, ambazo wapangaji wake hulipa kodi City Hall. Jirani yake kuna mtaa wa Uhuru. Sijawahi kusikia mtu akiulalamikia mpangilio huo.

Uhuru wenyewe ulikuja na wimbo wa taifa ambao ni dua tangu mstari wa kwanza, unaoimbwa kwa lahani ya Wapokomo ya kumbembeleza mtoto. Mwaka 1963 ukaja pia na makubaliano kati ya Jomo Kenyatta na serikali ya Zanzibar kuhusu ukanda wa mwambao, yaliyozihakikishia mahakama za kadhi uhai wake. Sheria ya mwaka 1967 ikaziruhusu kufanya kazi nje ya mwambao. Mwaka uliofuata, Sheria ya Elimu ya 1968 ilizitia shule za misheni chini ya serikali, makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Kila aliyesoma shule ya msingi Makadara au Kaloleni anaikumbuka PPI, kipindi cha kila juma ambacho mhubiri huingia darasani na watoto hugawanyika kwa dini zao. Mwalimu analipwa na serikali, darasa ni la umma, mafundisho ni ya kanisa au msikiti.

Chini ya Daniel arap Moi, Jumapili ilikuwa na ratiba yake: Rais yuko kanisani, na habari za redio ya taifa huanza na kanisa hilo. Kichekesho ni kwamba serikali iyo hiyo ndiyo iliyopiga kelele kwamba dini na siasa zisichanganywe, mara tu mahubiri yalipoiuma. Mchungaji Timothy Njoya alihubiri siku ya Mwaka Mpya wa 1990 juu ya kuanguka kwa tawala za Ulaya Mashariki, na mawaziri wakamjia juu. Askofu Henry Okullu naye akadai vyama vingi. Julai 7 mwaka huo, siku ya Saba Saba, uwanja wa Kamukunji, hatua chache kutoka Pumwani, ulijaa polisi na gesi ya machozi. Katika kinywa cha KANU, chama tawala, kutenganisha dini na siasa kulikuwa na maana ya padri kunyamaza tu. Kiti cha mbele kanisani kilibaki cha mheshimiwa.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuweka mpaka. Kifungu cha 8 kina sentensi fupi: hakutakuwa na dini ya taifa. Hata hivyo, Utangulizi wa Katiba hiyo unautambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, na anayekula kiapo humwomba Mungu amsaidie, ingawa asiyetaka kuapa anaweza kuthibitisha tu. Kifungu cha 91 kinakataza chama cha siasa kujengwa juu ya dini. Kilichowasha moto ni kadhi. Viongozi wa makanisa waliokuwa wamekwenda kortini mwaka 2004 walishinda Mei 24, 2010, pale majaji watatu waliposema kuziweka mahakama hizo ndani ya Katiba kulipingana na utengano wa dini na serikali. Makanisa makubwa yakapiga kampeni ya La. Agosti 4 wapigakura, takriban asilimia 67, wakasema Ndiyo. Mahakama za kadhi zikabaki kwa Waislamu wanaozikubali, katika ndoa, talaka na mirathi.

Nguvu nyingi zilimwagwa katika vita hivyo, na nadhani zilimwagwa mahali pasipo hatari. Kadhi anayegawa urithi wa nyumba ya Majengo hajamnyima jirani yake Mkristo chochote. Neno Mungu katika kiapo halijamfukuza kazini asiyeamini. Kinachokitoboa Kifungu cha 8 ni bahasha. Mwanasiasa anayetoa mamilioni Jumapili huomba kura kwa pesa ambazo asili yake haitangazwi, na kiongozi wa dini aliyezipokea hupata shida kumkemea Jumatatu. Julai 2025 gazeti la Daily Nation lilipofichua mpango wa kujenga kanisa la watu 8,000 ndani ya Ikulu, Rais alijibu kwamba analijenga kwa fedha zake mwenyewe. Tuseme ni zake. Ardhi ni ya nani?

Uchaguzi Mkuu utafanyika Agosti 10, 2027. Kabla ya hapo wagombea watapita Umoja, Dandora, Kayole na Eastleigh, kanisa kwa kanisa na msikiti kwa msikiti. Wewe unayeketi katika kamati ya parokia au ya msikiti, dai kila mchango wa mwanasiasa uandikwe na usomwe mbele ya waumini: jina, kiasi, na mfuko ulikotoka. Akikataa, mrudishie.