Flossi amehama: klasi za Python na sokwe wa Gombe

Ukitoka Kigoma kwa boti kuelekea kaskazini, unaipita Hifadhi ya Gombe, kisha unafika kijiji cha Mwamgongo. Msitu wa hifadhi ulio jirani na kijiji ni makazi ya sokwe wa jamii ya Mitumba. Mmoja wao, Flossi, hakuzaliwa humo. Alizaliwa jamii ya Kasakela, kusini kidogo, binti wa Fifi na mjukuu wa Flo. Alipobalehe akahama, kama majike wengi wa sokwe wafanyavyo.

Sasa wewe unayejifunza Python, Flossi utamwandikaje kwenye kompyuta?

Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960 aliwapa sokwe majina. Miaka miwili baadaye akaenda kusoma Cambridge, akaambiwa amekosea: mnyama wa utafiti hupewa namba. Akashikilia majina yake. Miaka hiyohiyo huko Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wanaunda Simula, lugha ya kuiga mambo halisi ndani ya kompyuta. Toleo la 1967 ndilo lililoleta klasi na obijekti. Alan Kay na wenzake wakaliendeleza wazo hilo kwenye Smalltalk, na Guido van Rossum alipoitoa Python mwaka 1991 alilikuta limeshakomaa.

Klasi ni kalibu, obijekti ni tofali lililotoka humo. Ila matofali haya kila moja lina jina lake na mambo yake:

class Sokwe:
    def __init__(self, jina, mama, jamii):
        self.jina = jina
        self.mama = mama
        self.jamii = jamii

    def hama(self, mpya):
        self.jamii = mpya

flo = Sokwe("Flo", None, "Kasakela")
fifi = Sokwe("Fifi", flo, "Kasakela")
flossi = Sokwe("Flossi", fifi, "Kasakela")
flossi.hama("Mitumba")

Andika flossi.mama.mama.jina, utapata Flo. Tamu, eti? Lakini angalia hapo kwenye hama: Kasakela imefutika kabisa.

Unaona ni jambo dogo? Mwaka 1974 Hilali Matama, mtafiti Mtanzania wa Gombe, alishuhudia madume wa Kasakela wakimshambulia Godi wa jamii ya Kahama. Programu yetu ingesoma: jamii mbili tofauti, wageni wamegombana. Kumbe Kasakela na Kahama zilikuwa jamii moja iliyogawanyika miaka michache tu nyuma. Walimuua mtu waliyekula naye. (Nimesema mtu, niacheni.) Ukifuta jamii ya zamani, umefuta kiini chenyewe cha habari.

Kwa hiyo rekebisha. Badala ya self.jamii weka orodha, na kila anapohama ongeza, usifute:

    def hama(self, mpya, mwaka):
        self.makazi.append((mwaka, mpya))

Orodha hiyo ianzishe ndani ya __init__, siyo juu yake, la sivyo sokwe wote watachangia orodha moja na Flo naye ataonekana kahamia Mitumba.

Na usigeuze kila kitu kuwa klasi. Gombe watafiti humfuata sokwe mmoja kutwa nzima, wakiandika alipo kila baada ya dakika 15. Vipimo vya namna hiyo, vya miaka na miaka, viweke kwenye safu za NumPy. Kila nukta ukiifanya obijekti, kompyuta yako itachoka bure. Klasi waachie wenye majina.