Nambakodi: Istilahi Inayovuka Mpaka wa Sirari

Mkazi wa Tarime, au wa Mugumu wilayani Serengeti, anayetaka kununua kiwanja ng'ambo ya mpaka, Isebania au Migori, hudaiwa kwanza kile ambacho Wakenya hukiita PIN, yaani alama kumi na moja, herufi moja mwanzoni, tarakimu tisa katikati na herufi nyingine mwishoni, zinazotolewa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Kwa kuwa PIN inayofahamika zaidi Tanzania ni ile ya simu na kadi ya benki, ni rahisi kuitafsiri "namba ya siri", na tafsiri hiyo ni potofu, kwani namba hii haifichwi hata kidogo: huchapwa kwenye cheti, hukabidhiwa wakili na huingizwa katika nyaraka za uhamisho.

Jina rasmi la Tanzania, Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, halina kosa hilo, lakini ni zito kiasi kwamba watu wameliacha na kusema TIN. Kasoro yake si urefu tu. Utambulisho hutokana na kutambulisha, yaani kumjulisha mtu kwa mwingine, ilhali kazi ya namba hii ni kumwezesha mkusanya kodi kumtambua mhusika, hivyo kilichostahili ni utambuzi. Na mlipakodi ni cheo alichopewa mapema mtu ambaye pengine hajalipa hata senti. Haieleweki kamati za istilahi, ambazo hazijawahi kukosa vikao, zilipitishaje nomino tatu zenye mashaka mawili.

Istilahi inayofaa ni nambakodi, iliyoundwa kwa kanuni ileile iliyozaa bwanashamba na askarikanzu, ambapo nomino ya pili huifafanua ya kwanza bila kuhitaji kiunganishi. Wapinzani, ambao wao wenyewe hawajaunda neno lililodumu, hudai kwamba Kenya kodi ni ya nyumba ya kupanga na malipo ya serikali ni ushuru. Hoja hiyo huangushwa na asili ya maneno: ushuru ni wa Kiarabu, wenye mzizi unaomaanisha sehemu ya kumi, na leo Kenya hutoza ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani ya ardhi ya mjini na 2 ya mashambani, viwango visivyokumbuka kumi popote. Zaidi ya hayo, kodi ya kichwa ya enzi za ukoloni ilitozwa pande zote mbili za mpaka unaowagawa Wakurya, na hakuna aliyedhani kuwa ni pango la kichwa.

Kimatumizi, mnunuzi huomba nambakodi bila malipo kupitia mfumo wa iTax kabla ya kulipia stempu na kusajili hati, akijua kuwa ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa upangaji usiozidi miaka 99 tu. Atakayeliona neno hili kuwa fupi mno kwa sheria na athibitishe kwanza kwamba urefu wa istilahi huongeza mapato.