Edelvaisi: ua adimu au ua adhimu?

edelvaisi nm [i-/zi-] Mmea mfupi wa milima ya Ulaya, wa familia moja na alizeti na pareto. Jina lake la kisayansi ni *Leontopodium nivale*. Neno limetoholewa kutoka Kijerumani: *edel*, "-enye hadhi", na *weiß*, "-eupe". *Edelvaisi hii imechanua. Edelvaisi hizi zimechanua.*

Edelvaisi huota katika Milima ya Alps, hasa penye miamba ya chokaa, takriban mita 1,800 hadi 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kama ilivyo kwa alizeti, kinachoitwa ua moja ni mkusanyiko wa maua madogo mengi. Lakini sehemu nyeupe zinazoipa sura ya nyota si petali, bali ni majani yaliyofunikwa na vinyweleo vinavyoukinga mmea dhidi ya jua kali na ukavu. Mfasiri anayeandika "petali zake nyeupe" amekosea. Aandike "majani meupe yanayoyazunguka maua".

Kosa linaloleta madhara zaidi hutokana na herufi moja. *Adimu* (kutoka Kiarabu, lenye maana ya kukosekana) ni -siopatikana kwa urahisi. *Adhimu* (pia kutoka Kiarabu) ni -tukufu, -enye kustahili heshima kubwa. Edelvaisi huweza kuitwa kwa yote mawili, na ndiyo maana mhariri huyapita bila kushtuka. Jina lenyewe hulisifu ua kuwa adhimu. Uadimu wake, panapokuwapo, umechangiwa na mikono ya wachumaji. Jimbo la Obwalden nchini Uswisi lilitunga sheria ya kuilinda mwaka 1878. Sheria ya "mimea adimu" huhusu kinachoweza kutoweka, ilhali ya "mimea adhimu" ingekuwa sifa tupu, isiyomzuia mtu kung'oa chochote. *Nadra* nalo hufaa zaidi kwa tukio: *ni nadra kuiona edelvaisi kando ya njia*.

Jina lisifasiriwe neno kwa neno: "jeupe adhimu" halitamwelekeza msomaji kwenye mmea wowote. Wala lisihamishiwe maua meupe makavu ya jenasi *Helichrysum* yaotayo juu ya Kilimanjaro. Hayo ni ya familia hiyo hiyo na huhimili baridi vilevile, ila ni mimea mingine kabisa. Kumwambia mwanafunzi wa Moshi kwamba edelvaisi iko mlimani kwake ni kumpotosha.

Wimbo "Edelweiss" ubaki na tahajia yake ya asili, kwa kuwa ni jina la kazi ya sanaa. Usiitwe wimbo wa jadi wa Austria, kosa ambalo ni la kawaida mno: ulitungwa na Wamarekani Richard Rodgers na Oscar Hammerstein kwa ajili ya tamthilia ya muziki *The Sound of Music* ya mwaka 1959.