Viti vya Makarani wa Chandigarh

Kila dalali wa London, Paris au Chicago anapogonga nyundo yake juu ya kiti cha msaji kilichosukwa henzirani, huko Chandigarh, mji ulio chini ya vilima vya Himalaya kaskazini ya Uhindi, huandikwa barua. Mwandishi wake aghalabu ni wakili Ajay Jagga, mjumbe wa kamati ya kulinda urithi wa mji huo, ambaye kwa miaka mingi amewaandikia mawaziri, mabalozi na hata UNESCO, akishtaki kwamba mali ya umma inanadiwa ughaibuni kama mali isiyokuwa na mwenyewe. Minada haikukoma, wala barua hazikukoma. Na kwa kuwa ugomvi wenyewe umekwisha fikia umri wa kijana aliyebaleghe, yafaa tarikhi yake isimuliwe tangu mwanzo.

Kiti kinachogombewa hakina fahari. Ni kiti cha karani: mikono miwili, mgongo uliolala nyuma kidogo, na miguu inayokutana juu, chini ya mkono, kisha ikaachana kuelekea sakafuni mfano wa bikari iliyofunguliwa. Mbao zake ni nene kupita haja, viungo vyake ni vya ulimi na tundu kama kila seremala avijuavyo, na pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa henzirani ili hewa ipite, joto la mwezi wa Mei lisimwambate mkaaji mgongoni. Ubavuni au nyuma mna herufi na nambari zilizopakwa rangi, alama ya idara iliyokimiliki. Zamani alama ile ilikuwa ya kumkumbusha mtunza bohari hesabu yake. Leo ndiyo hati ya nasaba, na mnunuzi wa ng'ambo huitazama kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Wapenzi wa samani hukitia kiti hiki katika ukoo mmoja na viti vya mbao zilizokunjwa vya Charles na Ray Eames wa California, na vya maseremala wa Denmark, na vya kampuni ya Knoll ya Marekani. Ukoo ambao mwandishi Cara Greenberg, kwa kitabu chake cha mwaka 1984, aliutangaza kwa jina la usasa wa katikati ya karne. Habari za hao wengine zimekwisha andikwa hata zikachosha. Za Chandigarh zina chumvi zaidi, na mimi nimezipata kwa wingi kutoka kwa mashahidi wawili wasiopendana: filamu ya msanii Mmarekani Amie Siegel, na kitabu kikubwa alichokitoa mfanyabiashara Mfaransa Eric Touchaleaume pamoja na Gerald Moreau mwaka 2010.

Uhindi ilipogawanywa mwaka 1947, Punjab ilikatwa pande mbili, na Lahore, mji wake mkuu, ukaangukia Pakistan. Jawaharlal Nehru hakutaka Wapunjabi waliosalia upande wake wapewe kiraka. Alitaka wapewe mji mpya. Ramani ya kwanza ilichorwa na Mmarekani Albert Mayer pamoja na Mpolandi Matthew Nowicki, lakini Nowicki aliangamia katika ajali ya ndege huko Misri mwezi wa Agosti mwaka 1950, na wajumbe wawili wa serikali, P. N. Thapar na mhandisi P. L. Verma, wakafunga safari ya Ulaya kutafuta wasanifu wengine. Walirudi na ahadi za watu wanne: Le Corbusier, mume na mke Maxwell Fry na Jane Drew, na binamu yake Le Corbusier, aliyeitwa Pierre Jeanneret. Rais Rajendra Prasad aliuzindua mji tarehe 7 Oktoba 1953. Le Corbusier alikuja na kurudi, akachora majumba makubwa ya serikali, akapata sifa aliyostahili na pengine iliyozidi. Fry na Drew walikaa miaka mitatu. Jeanneret, ambaye jina lake halikujulikana nje ya mafundi wenziwe, alikuja mwaka 1951 akakaa hata 1965.

Binamu hawa hawakuwa wageni wa samani. Kabla ya vita, wakishirikiana na Bibi Charlotte Perriand, walitengeneza viti vya mabomba ya chuma vilivyoonyeshwa Paris mwaka 1929, ambavyo hata leo havikosekani katika ofisi za matajiri. Vita viliwatenganisha: mkubwa alikwenda Vichy kutafuta kazi kwa serikali ya Ufaransa iliyosalimu amri kwa Wajerumani, mdogo akaingia katika upinzani dhidi yao. Uhindi ndiyo iliyowakutanisha tena, na huko Jeanneret aliyaacha mabomba ya chuma. Ofisi zilikuwa zikijengwa kwa maelfu ya vyumba, fedha zilikuwa haba, chuma kilikuwa ghali, ilhali mbao zilikuwapo na mikono ya kuzichonga ilikuwapo tele; basi akachora kitu ambacho seremala yeyote mwenye msumeno, patasi na randa aliweza kukitengeneza pasipo mashine. Nyumbani kwake mwenyewe alijaribu mianzi, kamba na nondo.

Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa habari za seremala wa Kipunjabi. Makalasinga waliokuja kwa ajili ya reli ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19 wametuachia kazi zao tangu Mombasa hata Kisumu. Wala msaji si mti mgeni kwetu, kwani ndio uliojenga majahazi mengi yaliyotia nanga Unguja kutoka Malabar, na jina lake tulilipokea kwa Waarabu kabla mche wa kwanza wa mtiki, kama wengi waitavyo sasa, haujapandwa katika udongo wa Tanganyika.

Michoro ilipelekwa kwenye karakana nyingi, na kila karakana ikaifasiri kwa mkono wake. Ndiyo maana viti viwili vya namba moja huenda visiwe sawa: mguu wa hiki ni mnene kwa unene wa kidole, mgongo wa kile umelala zaidi, cha tatu ni cha msaji na cha nne cha shishamu. Viligawanywa katika Sekretarieti, katika Mahakama Kuu iliyofunguliwa mwaka 1955, katika Bunge, katika Chuo Kikuu cha Panjab, maktabani, na katika nyumba za watumishi, ambazo nazo zilikuwa zimepangwa kwa daraja 13 kwa kadiri ya mshahara. Hata juu ya mchoraji watu hawajaafikiana. Bibi Urmila Eulie Chowdhury, aliyezaliwa mwaka 1923 na ambaye katika miaka ya 1970 alishika cheo cha mkuu wa wasanifu wa mji, alifanya kazi bega kwa bega na Jeanneret juu ya samani hizi, na wataalamu wa siku hizi wanazidi kukiri kwamba si haki jina la mwanamume peke yake kubandikwa juu ya kila kiti. Kwa muda mrefu katalogi za mnada hazikujishughulisha na jambo hilo. Bei hupanda kwa jina moja, si kwa mawili. Na seremala hana jina hata moja.

Kisha yakaja madawati ya bati na viti vya sponji. Henzirani ilipokatika hapakuwa na wa kuisuka, mguu ulipolegea hapakuwa na wa kuukaza, na kiti cha msaji kikatupwa nje ya ofisi, kikarundikwa juu ya paa na katika nyua, jua na mvua za kusi la Kihindi zikipita juu yake. Mimi mwenyewe nimepata kuona, nyuma ya ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, rundo kama hilo la viti vya mninga vikingojea moto wa mpishi. Kwa hiyo siwacheki Wahindi. Idara ziliandika katika daftari zao kwamba vitu hivi vimekufa, zikavinadi hadharani kwa sheria na kwa risiti, kwa bei isiyozidi sana ya kuni.

Hapo ndipo walipotokea Wafaransa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara wa samani wa Paris, Touchaleaume, François Laffanour, Philippe Jousse na Patrick Seguin, walivinunua viti hivi, wakavipakia melini, wakavisugua kwa msasa, wakavisuka upya, wakavipiga picha chini ya taa nzuri, wakavitolea vitabu na maonyesho, hata kiti kimoja cha karani kikafika kuuzwa kwa maelfu ya dola. Havikwenda viti tu: vilikwenda meza, makabati, taa, na hata vifuniko vya chuma vya mifereji ya maji machafu, ambavyo vimechorwa ramani ya mji juu yake, vikawa pambo la sebule za watu ambao hawajapata kuunusa mfereji wenyewe.

Ugomvi ulipolipuka, kila upande ulikuwa na hoja yake. Chandigarh ilisema: huu ni urithi wetu, umechukuliwa kwa kutumia ujinga wetu. Wafanyabiashara wakajibu: tulinunua katika mnada wa serikali, tukalipa mlichokiita bei, tukaokoa mlichokuwa mkikiozesha, na laiti si sisi msingelijua kwamba mna kitu. Jibu hili ni chungu, na uchungu wake unatokana na kweli iliyomo ndani yake. Lakini si kweli yote, kwa maana mtu ajuaye thamani ya kitu na mtu asiyeijua wakikutana sokoni, risiti haitoshi kuwa ushahidi kwamba wamefanya biashara sawa. Mwanzoni mwa mwaka 2011 nyumba ya mnada ya Wright, huko Chicago, ilitangaza vitu vya Chandigarh. Wahindi wakaomba mauzo yazuiwe, nayo hayakuzuiwa. Mwaka huohuo wizara ya mambo ya ndani ya Uhindi ikapiga marufuku kuuza vitu hivyo au kuvitoa nchini, na hesabu ikafanywa ya vilivyosalia: 12,793.

Kilichowafunga mikono mabalozi ni sheria yao wenyewe. Sheria ya mambo ya kale ya Uhindi, ya mwaka 1972, huhesabu kitu kuwa cha kale kikiwa kimetimiza umri wa miaka 100. Kiti cha mwaka 1955 kitaingia katika hifadhi yake mwaka 2055, kama mchwa na madalali watakuwa wamekibakiza. Majengo yalipata bahati njema zaidi, maana eneo la majumba ya serikali liliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2016. Viti vilivyokuwa ndani ya majumba hayo havikuandikwa.

Filamu ya Amie Siegel, iliyotoka mwaka 2013, husimulia haya yote bila neno hata moja, tena kwa kurudi kinyumenyume. Huanza katika nyumba za matajiri wa New York, London, Antwerp na Paris, ambamo viti vimekaa kimya kama wageni wa heshima. Hurudi mnadani, hurudi kwa wapiga picha, kwa mafundi wanaovikarabati, katika makontena ya bandarini, na mwisho hufika Chandigarh, ambako vile vile viti, vichafu na vilivyochakaa, vingine vimekaliwa na makarani na vingine vimelundikana uani. Na kama kwamba kichekesho hakijakamilika, mwezi wa Oktoba mwaka huo Siegel aliipeleka filamu yenyewe kwa Christie's, London, ikanadiwa kama kiti, naye akaupiga picha mnada huo akautolea filamu ya pili, iliyoitwa kwa namba yake ya mnada, 248.

Ya miaka ya karibuni ni machache ya kusema. Viti vya bandia vimejaa sokoni, na hodari wa kughushi huanza na ile rangi ya bohari. Cassina ya Italia na Phantom Hands ya Bangalore huuza vipya vilivyofuata michoro ya zamani. Na nyumba aliyokaa Jeanneret, katika Sekta ya 5, imefanywa makumbusho.

Yeye mwenyewe aliondoka Chandigarh mwaka 1965 akiwa mgonjwa, akafariki mwaka 1967. Wakati wa uhai wake alipenda mno ziwa la Sukhna, lililo ukingoni mwa mji, akalichorea hata mashua za kuendeshwa kwa miguu. Na wosia wake ulikuwa arudishwe huko. Mwaka 1970 mpwa wake aliyachukua majivu kutoka Ulaya mpaka Uhindi, akayamwaga majini.