Mafundi wa Kibera

Kando ya Mto Ngong, kusini-magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, upo mtaa wa Kibera. Jina hilo latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Katika msitu huo ndimo walimoanza kukaa, yapata mwaka 1904, askari Wanubi wenye asili ya Sudani waliolitumikia jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliwatengea ekari zaidi ya 4,000, lakini haikuwapa hati ya kuzimiliki.

Wanawake wa Kinubi walidumisha ufundi wa kusuka tabaga, yaani vifuniko vya chakula vyenye rangi nyingi, mithili ya kawa za pwani. Baadaye watu wa makabila mengine walihamia, na kazi za mikono zikaongezeka. Leo wapo mafundi wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe hutoka machinjioni. Fundi huichemsha kuondoa mafuta, huikata kwa msumeno, huisugua hata ing'ae kama pembe ya ndovu, kisha hufanya shanga na vikuku.

Mwaka 2017 Wanubi walipata hati, lakini ya ekari 288 tu. Katika miaka yote ile ya kungoja, mama hakuacha kumfundisha binti yake kusuka. Basi, mwanafunzi, uingiapo katika karakana za Kibera, usiulize bei peke yake. Muulize fundi ni nani aliyemfundisha. Jibu lake ni sehemu ya historia ya mtaa huo.